Mama anasahau na anakaa peke yake Ngamiani: tutajuaje kama bado yuko salama?

#1 Mtoto wa Barabara ya Nane (mleta uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu wote. Mama yangu ana miaka 74, ni mjane wa mwaka wa tatu sasa, na anaishi peke yake katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga. Mimi niko Dar es Salaam, kaka yangu yuko Maskati, na dada yetu aliyeolewa Muheza humtembelea kila Ijumaa. Mwezi uliopita nilipokwenda kumjulia hali nilikuta pakiti nne za chumvi kabatini, zote zimefunguliwa, na chini ya kitanda nikakuta sufuria iliyoungua hadi kitako kikatoboka, imefungwa ndani ya khanga kuukuu. Nilipomwuliza, alisema ni sufuria ya jirani.

Dada anasema mama hawezi tena kukaa peke yake. Kaka anasema huzungumza naye kwa simu kila Jumapili na hajasikia kasoro yoyote, kwa hiyo dada anakuza mambo. Mama mwenyewe anasema nyumba hiyo waliijenga yeye na marehemu baba, na hatatoka humo ila kwa jeneza. Siulizi maradhi yake yanaitwaje, kwa kuwa hilo ni la madaktari. Ninachouliza ni hiki: sisi tusio madaktari tunapimaje kama mzazi anayesahau bado anaishi kwa usalama nyumbani mwake?

#2 Mvuvi wa Sahare

Pole, ndugu. Hata hivyo, tusikimbilie hukumu. Mimi nina miaka 41, na wiki iliyopita niliunguza maharage mara mbili kwa sababu nilikuwa nasikiliza mpira wa Coastal Union. Ikiwa sufuria iliyoungua ni ushahidi, basi nusu ya wanaume wa Tanga watafungiwa ndani kabla ya mwisho wa mwezi. Wazee wote husahau.

#3 Muuguzi Mstaafu

Mvuvi, wewe uliunguza maharage ukacheka, na sasa unatusimulia. Mama wa mleta uzi aliifunga sufuria katika khanga akaificha chini ya kitanda, kisha akasema ni ya jirani. Kusahau sufuria jikoni ni jambo la kila mtu, lakini anayeificha ameshagundua kwamba kuna kitu hakiko sawa, na anaogopa wanawe wasije wakagundua. Kwangu mimi khanga ile inasema mengi kuliko sufuria.

Kuhusu kupima, kazini tulikuwa tunazitenga shughuli za mtu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mwili: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Haya mambo 6 yaliorodheshwa na daktari Katz wa Marekani mwaka 1963. Fungu la pili ni la kuendesha maisha: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa wakati, na kushika fedha. Hayo 8 ni ya Lawton na Brody, ya mwaka 1969. Kwa kawaida ugonjwa wa kusahau, ambao hospitalini huitwa dimensia, huanza kulila fungu la pili. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa msafi, amevaa vizuri na kanzu imenyooshwa pasi, watu wakasema hana neno, kumbe dawa za presha hajazigusa wiki mbili.

Usimwulize mama kama anaweza kupika, kwa sababu atakujibu kwamba amekupikia wewe tangu hujaota meno. Mwambie akupikie chai, kisha ukae kimya utazame.

#4 Mgeni wa Maskati

Mimi si huyo kaka, ingawa niko mji huo huo na nilikuwa na msimamo kama wake. Baba yangu alikuwa Pangani, nami nilimpigia kila siku, na kila siku alikuwa mzima. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba salamu zetu za Pwani zinaweza kumbeba mgonjwa dakika kumi nzima bila kukwama. Habari za huko, njema. Watoto hawajambo, hawajambo. Mvua zinanyesha, Alhamdulillahi. Nisalimie wote, zimefika. Baba alikuwa amezihifadhi kama mtu aliyehifadhi sura fupi za Kurani, na hakuhitaji kukumbuka lolote jipya ili kuzijibu. Siku nilipomwuliza jana alikula nini na nani aliyempikia, alinyamaza, kisha akaniuliza habari za huko.

Kaka yako hasemi uongo. Ni kweli hajasikia kasoro, kwa sababu hajauliza swali lenye jibu.

#5 Binti wa Chumbageni

Namuunga mkono Muuguzi (#3), ila naongeza jambo moja kuhusu saa. Mgeni huja saa nne asubuhi au baada ya swala ya Ijumaa, na mzee anapojua kuna mgeni hujikusanya, huvaa vizuri, hukaa barazani na kuzungumza kama zamani. Akishaondoka mgeni, mzee huwa amechoka hoi. Mimi niliamua kukaa na bibi yangu siku nzima, tangu alfajiri hadi isha, bila kumsaidia isipokuwa kwenye hatari.

Asubuhi aliwasha jiko la mkaa vizuri kunishinda. Mchana alikuna nazi, akachuja tui zito, akaliweka pembeni kama kawaida. Kisha akachukua machicha yale yale, akayarudisha kwenye kifumbu na kuyakamua kwa maji, akapata tui jepesi, sawasawa kabisa. Baada ya hapo akayakamua tena, na tena, na tena. Nilihesabu mara saba. Mikono ilikuwa inajua kazi yake, lakini hapakuwa na mtu wa kuiambia kwamba kazi imekwisha. Samaki alikuwa jikoni muda wote huo, na sikumwona akigeuza macho kuelekea huko hata mara moja.

Hatari yenyewe ilikuja magharibi. Giza lilipoanza kuingia alibadilika kabisa, akaanza kuuliza watoto wako wapi, akachukua buibui akitaka kwenda kuwafuata madrasa. Watoto hao ni mama yangu na wajomba zangu, na mdogo wao ana miaka 52. Kama ningeondoka saa kumi, ningeandika katika ripoti yangu kwamba bibi ana kasoro ndogo ya tui.

#6 Dereva wa Kange

Hilo la #5 la kutaka kutoka jioni nimeliona kwa macho. Sisi wa bajaji ndio tunaowaokota. Mzee mmoja alikuwa mtu wa reli, amestaafu zamani, na tulimkuta mara tatu amevaa koti la kazi alfajiri akielekea stesheni. Hakuwa amepotea kwa maana ya kutangatanga hovyo. Alikuwa na mahali anapokwenda, na njia aliijua barabara. Alichokuwa amekosea ni mwaka tu. Ukitaka kujua mama atatafutwa wapi siku akipotea, uliza alikuwa akienda wapi alipokuwa na miaka 30.

Naomba pia wachangiaji wazungumzie baiskeli. Wenzetu wa nchi nyingine hubishana kama mzee anyang'anywe leseni ya gari. Hapa Tanga swali ni baiskeli, na wazee wetu wanaendesha hadi miaka 80. Mzee asiyekumbuka jina la mjukuu anaweza kuendesha baiskeli bila kuyumba, na ndiyo hatari yenyewe, maana baiskeli anaikumbuka ila malori hayakumbuki.

#7 Mkonge Halisi

Mnaenda haraka mno. Mleta uzi hajasema kama mama amepimwa, nanyi mmeshamtafutia mahali pa kumtafuta akipotea. Mama yangu mdogo alichanganyikiwa ghafla mwaka juzi hadi akawa anamwita mumewe kwa jina la marehemu babu. Familia ikaanza kugawana zamu za kumlinda. Kumbe duka moja la dawa lilikuwa limempa vidonge vya usingizi, na juu yake alikuwa akimeza vya mafua kila usiku. Vilipoachishwa kwa ushauri wa daktari, baada ya wiki mbili akawa anatukumbusha madeni yetu.

Kuna upungufu wa vitamini B12, kuna tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, kuna sukari kushuka kwa wenye dawa za kisukari, kuna damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka, na kuna huzuni. Mama huyu amefiwa na mume miaka mitatu tu iliyopita. Je, tuna uhakika gani kwamba anachougua si upweke?

#8 Muuguzi Mstaafu

Mkonge (#7) amesema kweli, na ninakiri kwamba nilipaswa kuanza na hilo. Hata hivyo, kisa chake chenyewe kina neno la kuangaliwa, nalo ni "ghafla". Mzee anayechanganyikiwa ndani ya siku chache, leo yuko hivi na kesho vingine, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, maji kupungua mwilini, au dawa. Dimensia ya kawaida huja polepole kwa miezi na miaka, hata familia ikashindwa kusema ilianza lini. Kuna pia ile inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kwa watu wenye presha, ambayo mara nyingi hushuka kama ngazi: mzee anakaa vile vile muda mrefu, kisha anaporomoka kidato kimoja.

Mleta uzi ampeleke mama hospitali ya Bombo apimwe presha, sukari na damu, na asisahau macho na masikio. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni moto wa jiko la gesi mchana, na asiyesikia hawezi kukumbuka alichoambiwa kwa sababu hakuambiwa. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo kwa mujibu wa sera ya nchi, kwa hiyo aulize utaratibu wa wazee pale mapokezi.

Lakini angalieni jambo moja. Awe na dimensia, awe na huzuni, awe na upungufu wa B12, jiko bado linawaka leo usiku. Usalama haungojei jina la ugonjwa.

#9 Ustadh wa Mwambani

Kwa adabu zote kwa Muuguzi, uzi huu umeruka jambo ambalo kila mtu wa Tanga analijua. Yako mambo yanayompata mtu na hayaonekani katika damu. Sisemi kwamba kila anayesahau ana jini, na wale wanaouza kuku weusi kwa familia zenye dhiki wataulizwa mbele ya Mungu. Ninasema mama asomewe, kwa sababu kisomo hakigongani na hospitali, na mzee aliyelelewa na Kurani hutulia anapoisikia hata akiwa hamjui msomaji. Kuhusu swala, msimkemee akizidisha rakaa au akisahau udhu. Asiye na akili timamu kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi.

#10 Daftari la Njano

Ustadh (#9), la utulivu ninakubaliana nawe kabisa. La majini ninaliogopa kwa sababu moja: mzee akishaitwa mwenye mashetani, au mbaya zaidi akiitwa mchawi kwa sababu ametoka usiku bila nguo, kipimo cha usalama wake kinabadilika, na jirani aliyekuwa msaada anageuka kuwa hatari.

Nirudi kwa Muuguzi (#3). Orodha ulizotaja zilitungwa Marekani, na kuna mahali zinapotudanganya. Mwanamume wa miaka 78 ambaye hajawahi kupika wala kufua tangu azaliwe atapata sifuri katika mambo hayo, na akili yake ni nzima kabisa. Vipimo vya kumbukumbu navyo ni hivyo hivyo. Kile maarufu cha pointi 30, cha mwaka 1975, kinamtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro wa pembetano, na atoe saba saba kutoka mia. Bibi asiyesoma atafeli hata kama anakumbuka mahari ya kila binti wa mtaa.

Hapa nchini suala hili lilichunguzwa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha takriban asilimia 6.4 wana dimensia. Baadaye kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, ambacho hakidai kalamu. Mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti zifanane na alizopangiwa.

#11 Mvuvi wa Sahare

Mia toa saba ni tisini na tatu. Tisini na tatu toa saba naomba mnisubiri hadi kesho. Ninarudisha maneno yangu ya #2, nimeanza kujiogopa.

#12 Mtoto wa Barabara ya Nane (mleta uzi)

Shukrani kwa wote. Nimefanya mlivyosema. Nilifika Alhamisi bila kutoa taarifa, nikalala siku mbili, na nikaweka daftari mfukoni.

Dawa za presha: karatasi ya duka inaonyesha alipewa vidonge 30, kimoja kwa siku, na zilikuwa zimepita siku 21. Nilihesabu vilivyobaki mara mbili. Vilikuwa 26.

Fedha: fundi wa bati amelipwa shilingi 150,000 kwa kazi ile ile mara mbili ndani ya wiki moja. Fundi mwenyewe alirudisha, Mungu ambariki. Simu ina ujumbe nane wa matapeli wale wa "tuma kwa namba hii", na mmoja ameujibu akiuliza, "Mwanangu, unadaiwa na nani?"

Soko: tulikwenda Mgandini pamoja, naye akanipoteza mimi. Aliwasalimu wauzaji kwa majina, akagundua dagaa wa juzi kwa harufu tu, akashusha bei ya nazi kuliko nilivyoweza. Hapo nilitaka kumpigia dada nimwambie kaka yuko sahihi.

Magharibi: niliwasha taa zote, kwa kuwa Binti (#5) alisema bibi yake alibadilika giza lilipoingia, na mama hakutaka kwenda popote. Lakini saa nane usiku nilisikia komeo. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, anakwenda kuteka maji kwenye kisima ambacho tulikifukia mwaka 1998. Nilimwambia maji yameshaletwa. Akanitazama, akasema, "Ahsante, baba," akarudi kulala. Sijui aliniita baba kama mama anavyomwita mwanawe, au kama mtu anavyomwita baba yake.

#13 Fundi Kandili

Kwa hayo ya #12 mimi naanza na jiko. Mkaa usiingizwe ndani usiku wala asubuhi ya baridi, hata ukiwa umebaki makaa matatu, kwa sababu hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, na chumba kilichofungwa kinatosha kumuua aliyelala. Kama ni gesi, mtungi ukae nje ya jiko na mwenye kuufungua awe ni yule anayekuja kupika, kisha aufunge anapoondoka. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya maji hata siku moja. Sumu ya panya iondolewe kabisa, kwani panya ni afadhali.

Kisha choo. Nyumba nyingi za Ngamiani choo kiko uani, na usiku mzee anavuka kizingiti na sakafu iliyomwagika maji. Weka taa inayowaka usiku kucha, mlango wa choo upake rangi tofauti na milango mingine, kunja ule mkeka unaoteleza, na funga bomba la chuma ukutani kama kishikio. Kwa kazi kama hiyo fundi hakuchukui zaidi ya siku moja.

#14 Mama wa Wanne

Mimi ninamfungia mama yangu kwa kufuli kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana ninaporudi sokoni. Ninajua mtanihukumu. Alishagongwa na bodaboda mara moja, na sina ndugu wa Maskati wala wa Dar. Anayetaka kunilaumu aje akae naye asubuhi.

#15 Fundi Kandili

Dada yangu, sikulaumu. Nakuomba jambo moja tu: jirani mmoja awe na ufunguo wa pili, na ndani kusiwe na chochote cha kuwashia, hata kiberiti. Nimeshawahi kubomoa dirisha la nondo la nyumba inayoungua, nami sitaki kulibomoa tena.

#16 Dereva wa Kange

Kwa Mama wa Wanne (#14): kufuli siyo njia pekee. Kijiwe chetu kina picha za wazee watano wa mtaa katika simu zetu, pamoja na namba za watoto wao. Mzee akionekana mahali asipopaswa kuwa, hatumkamati wala kumpigia kelele, tunampa lifti. Hakuna mzee wa Tanga anayekataa lifti ya bure. Mzee mmoja ameshonewa jina la mwanawe na namba ya simu ndani ya pindo la kanzu. Serikali ya mtaa nayo iarifiwe mapema, siyo siku ya msako.

#17 Wakili wa Barazani

Nimeona ya fundi wa bati na matapeli, nami nina hofu na jambo kubwa zaidi, nalo ni hati ya nyumba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mtu awe na akili timamu wakati anapoingia mkataba, na inatambua kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana hali hiyo anaweza kuwa nayo kwa vipindi. Hapo ndipo panapozaliwa kesi, kwa maana mnunuzi atadai kwamba siku ile mama alikuwa mzima, na wauzaji wote wa Mgandini wataapa kwamba alikuwa mzima. Kama mama bado anaelewa, ni heri aandike sasa hati ya uwakilishi na matakwa yake mbele ya wakili na watoto wote wakijua, badala ya kungoja hadi dole gumba lisainie kisichoeleweka.

#18 Mkonge Halisi

Wakili (#17), nawe pia uangalie. Nimeona familia ambayo "usalama wa mama" ulianza pale tu kiwanja kilipopanda bei. Anayepima naye apimwe.

#19 Binti wa Chumbageni

Hilo la #18 ni chungu lakini ni la kweli, nami nitaligeuzia upande mwingine. Katika kupima kote huku hakuna aliyeuliza hali ya dada wa Muheza. Anapanda gari kila Ijumaa, anafua, anapika, anaambiwa anakuza mambo, kisha Jumapili kaka anasifiwa kwa kupiga simu. Mwaka wa mwisho wa bibi yangu, mimi ndiye niliyesahau gesi wazi, siyo yeye. Nilikuwa sijalala siku tatu.

#20 Mgeni wa Maskati

Kabla hamjamhamisha, sikilizeni kisa cha baba yangu. Tulimtoa Pangani tukampeleka Dar kwa dada, ghorofa ya pili, nyumba nzuri yenye geti na mlinzi. Pangani alikuwa anasahau majina, lakini choo alikijua gizani, na mtu yeyote wa pale alijua amrudishe wapi. Dar alijisaidia kabatini wiki ya kwanza, kwa sababu kabati lilikuwa upande ambao choo chake kilikuwa tangu 1971. Kwa kipimo chochote nyumba ile ilikuwa salama zaidi, ila hakuwa na kumbukumbu yake hata moja ndani yake.

#21 Muuguzi Mstaafu

Mgeni (#20), kisa chako kinaumiza, lakini wapo pia waliohamishwa mapema, wakiwa bado wanaweza kujifunza njia mpya za nyumba, wakakaa vizuri. Wanaobaki hadi siku ya ajali huhamishwa wakiwa na nyonga iliyovunjika, na hao ndio niliowaona zaidi wodini. Sikubaliani kwamba nyumba ya zamani ni bora daima. Na vidonge 26 (#12) kwangu ni jambo kubwa kuliko kisima, kwa kuwa presha isiyotibiwa inaweza kuleta kiharusi kabla mlango haujafunguliwa.

#22 Mgeni wa Maskati

Na mimi sikubaliani nawe, ila kwa vidonge umenishinda.

#23 Mtoto wa Barabara ya Nane (mleta uzi)

Ndugu zangu, miadi ya hospitali ni Jumanne. Binti wa mjumbe wa mtaa ameanza kulala kwa mama, na vidonge anampa yeye baada ya swala ya alfajiri. Jiko la mkaa limehamia uani. Dada bado anataka ahamie Muheza, nami bado sijui. Kaka nilimwomba apige simu ya picha saa moja jioni badala ya Jumapili asubuhi, na amwulize mama amekula nini. Walizungumza dakika ishirini. Baadaye akaandika neno moja tu katika kundi la familia: "Nimeona."

#24 Mvuvi wa Sahare

Afadhali. Na zile pakiti za chumvi za #1, bado ni nne?

#25 Mtoto wa Barabara ya Nane (mleta uzi)

Ni sita. Ya tano alinunua dada, na ya sita nilinunua mimi.